Mzizi Uitwao Shemeji

"Umemkamata?" Bibi Mizizi aliuliza kabla Inspekta hajamaliza kuvua viatu mlangoni.

"Bado, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nani anakuzuia?"

Macho ya Bibi yalikuwa yamevimba. Inspekta aliketi kwenye kigoda alichoonyeshwa. Rafu zilipanda kutoka sakafuni hadi darini, na juu yake zilipangwa chupa za kioo zenye mizizi, magome na mbegu. Kwenye kona palikuwa na duara jeupe sakafuni. Hapo ndipo kilipokaa kinu kwa miaka mingi, na sasa kinu kilikuwa kwenye maabara ya polisi pamoja na sufuria, kikombe na chupa moja.

Ni Bibi mwenyewe aliyewaita polisi. Mwanafunzi wake, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mdadisi kwa sababu hakuna jambo aliloliacha lipite bila kuliuliza, alikuwa amefariki hospitalini wiki iliyopita. Madaktari walidhani amekula chakula kibovu. Bibi akajikongoja hadi kituoni, akakaa mbele ya kaunta na kukataa kuondoka. "Mimi sikujaliwa kuzaa," alimwambia askari wa zamu. "Yule ndiye aliyekuwa anizike. Nitafutieni aliyemuua."

Sasa alimkazia macho Inspekta. "Mkemia wenu amesema nini?"

"Sumu ipo ndani ya sufuria, kinu na kikombe. Ipo pia kwenye ile chupa ya mzizi wa kikohozi. Anasema chupa ina mizizi ya aina mbili, na mmoja unaua."

Bibi alifumba macho. "Shemeji."

"Shemeji gani?"

"Ndivyo tunavyouita sisi wa kazi hii. Unaota pale pale unapoota mzizi wa kikohozi, una sura ile ile, ukikauka ndio kabisa, kama pacha. Unakaa na ndugu, unafanana na ndugu, lakini si damu. Basi shemeji."

"Mtu anatofautishaje?"

"Kwa pua. Mzizi wa kikohozi ukiuvunja unanukia karanga mbichi. Shemeji hanuki chochote." Bibi alinyoosha kidole kwenye rafu. "Mwanafunzi wangu mwaka wa kwanza hagusi chupa. Anafagia, anaosha mizizi, anakaa pale kusikiliza wagonjwa wanavyoeleza maradhi yao, ajifunze kumtambua yule ambaye si wa kwetu, wa kupelekwa hospitali mbio. Halafu namfundisha kuchimba. Huchukui mzizi mkuu, hubandui gome kuuzunguka mti mzima, ukifanya hivyo umemuua aliyekulisha. Baada ya hapo ndipo pua na ulimi. Na somo la kwanza la pua ni shemeji. Akishindwa hilo, namrudisha kwa mama yake."

Harufu ya kitu kinachoungua iliingia kutoka uani. Inspekta aligeuza kichwa. Bibi, aliyekuwa ameketi karibu na mlango wa uani kuliko yeye, aliendelea kueleza namna ya kuvunja mzizi kwa kidole gumba, mpaka mwanamume mrefu akapita nje kwa kasi, akasikika akiburuta sufuria na kumwaga maji.

"Kuna nini huko?" Bibi alipaza sauti.

"Maziwa, Bibi. Yameungua."

"Na wewe ulikuwa wapi?" Kisha akashusha sauti na kumsogelea Inspekta. "Huyo ndiye Mkimya. Mwanafunzi wangu wa kwanza. Alimtangulia Mdadisi hapa, lakini mwezi uliopita nilitangaza mbele ya watu kwamba mkoba wangu wa dawa ataurithi Mdadisi."

"Alikasirika?"

"Mkimya hakasiriki. Hacheki pia. Humjui yuko wapi." Vidole vyake vilikunja na kukunjua pindo la kanga. "Chupa hizi tunazigusa watatu tu. Mimi, marehemu na yeye. Wa kazi hii hawezi kukosea kati ya ndugu na shemeji, mwanangu. Aliyefanya amekusudia. Sitaki awe yeye. Lakini kila nikipiga hesabu, anabaki yeye."

*

Kabla ya kumgusa Mkimya, Inspekta alikuwa na mtu mwingine wa kumwondoa kwenye orodha ya washukiwa. Majirani walisema walimwona mume wa Mdadisi, fundi cherehani, akimnywesha mkewe kitu cheusi siku ile ile.

Alimkuta barazani, mguu juu ya kanyagio, sindano ikipanda na kushuka juu ya kitambaa. Hakukuwa na uzi kwenye sindano.

"Pole kwa msiba, Fundi."

"Nimeshapoa." Hakuacha kukanyaga.

"Nimesikia ulimpa kitu cheusi."

"Nilimpa. Makaa."

"Makaa ya kupikia?"

"Niliyasaga mwenyewe. Alirudi kazini mapema, anashika kuta. Akasema, 'Saga makaa, tia maji, haraka.' Sikuuliza kwa nini. Muulizaji wa nyumba hii alikuwa yeye." Mguu ulisimama. "Alikunywa yote. Meno yakawa meusi, midomo meusi. Akataka kioo. Akajitazama, akaniuliza, 'Bado mzuri?' Nikamwambia, mzuri kuliko sufuria. Akacheka. Baada ya hapo alianza kutapika, nikambeba kumpeleka hospitali, na njiani ni mimi tu niliyekuwa nasema. Kwa hiyo neno la mwisho la maana nililozungumza na mke wangu, Inspekta, ni hilo. Sufuria."

Inspekta alingoja mpaka mguu ukaanza tena kukanyaga.

"Hospitali walimuuliza amekula nini?"

"Muuguzi alimuuliza zaidi ya mara moja. Akasema hajui."

"Mlikuwa mmegombana?"

"Tuligombana kuhusu alfajiri tu. Tangu mwaka jana alikuwa anaondoka kabla hakujapambazuka. Mimi nikimwambia, bibi yako mwenyewe hajaamka, unakwenda kufanya nini? Ananijibu, kupanga chupa. Kila siku ya Mungu, kupanga chupa."

"Na siku ile?"

"Siku ile alikwenda kwanza kumpeleka mama yake kliniki ya macho. Alitoka huko amechelewa, akawa anakimbia."

Inspekta alipofika kwenye kona ya mtaa alisimama kivulini, akampigia simu daktari aliyempokea Mdadisi.

"Daktari, mtu akinywa sumu ya namna ile akafika kwako mapema, ungempa nini?"

"Makaa. Ya kwetu yamesafishwa, lakini kazi yake ni ile ile, yanaishika sumu tumboni isiingie mwilini. Angetuambia tu amekunywa nini, huenda tungemuwahi."

Inspekta alikata simu. Mdadisi alijua amekunywa sumu. Angetaka kufa asingesagisha makaa. Alitaka kuishi, na bado alipoulizwa na watu wa kumwokoa alisema hajui. Mtu wa namna hiyo anamficha mwingine. Mumewe, aliyeeleza kila kitu bila kubanwa, hakuwa na cha kufichwa. Basi nani?

*

Mtu wa mwisho kumwona Mdadisi akiwa mzima kazini alikuwa mgonjwa, mwanamke aliyeuza viatu vya mtumba sokoni. Alikuwa akikohoa hata kabla hajafungua mdomo kusema.

"Hospitali wamenipa dawa," alisema akijifuta. "Inaanza kunisaidia. Keti, dada yangu, sogeza hivyo viatu."

"Nieleze siku ile. Taratibu."

"Nilifika, Bibi alikuwa peke yake. Yule mwanamume alikuwa uani anapasua kuni, namsikia shoka. Bibi akatwanga, akachemsha, akatia tangawizi na asali, akamimina kikombeni. Halafu akakinyanyua aonje. Unajua, waganga wengine wanaonja kwa ncha ya ulimi, kukuzuga. Bibi anakunywa kipimo chote cha mgonjwa, ndipo anakupa na wewe cha kwako. Ndiyo maana tunamwamini."

"Alikunywa?"

"Hakuwahi. Mdadisi aliingia anahema. Akasalimia. Akainama juu ya sufuria, akanusa. Akanusa tena. Kisha akamtazama Bibi." Mwanamke alikunja uso akijaribu kukumbuka. "Hakumtazama kwa hasira. Kama unavyomtazama mtu aliyelala, hutaki kumwamsha."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Bibi, leo nipe mimi, nijifunze.' Akakipokea kile kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu zake zote, akapiga goti kidogo. Bibi akafurahi, akaniambia, 'Unaona mwanafunzi huyo?' Mdadisi akanywa mpaka mwisho. Akakaa. Kidogo hivi akaniambia, 'Mama, dawa haijaiva, rudi kesho.' Akabeba sufuria akaenda kuimwaga."

"Nawe?"

Muuza viatu aliokota kiatu kimoja, akakitafuta mwenzake, hakukiona.

"Nilimtukana. Nilikuwa nimeacha biashara yangu kwa jirani, nimekaa pale na kifua changu, halafu mwanafunzi ananiambia rudi kesho. Nikamwita mvivu. Nikasema amechelewa kazini sasa anatafuta kisingizio. Aliniomba radhi, Inspekta. Alinishika mkono akaniomba radhi. Kikombe kilichofuata kilikuwa changu, na mimi nilimtukana."

Alianza kukohoa tena, na safari hii hakuweza kuacha. Inspekta alimshikilia bega mpaka kikohozi kikatulia.

*

Chumba cha mahojiano kituoni kilikuwa na meza, viti viwili na dirisha lililoangalia ukuta. Mkimya alikaa mikono juu ya magoti kama mtu anayepigwa picha.

"Nani anajaza chupa?" Inspekta aliuliza.

"Bibi anachimba. Anakausha. Anajaza."

"Na nyinyi?"

"Tunatwanga. Tunahudumia."

"Siku ile ulikuwa uani tu?"

"Ndiyo."

"Hukuingia ndani alfajiri, kabla Bibi hajaamka, ukachanganya mizizi?"

"Hapana."

"Mkoba ulikuwa uwe wako."

"Mkoba ni wa mwenye pua," Mkimya alisema. "Pua ilikuwa yake."

 Inspekta akasema, "Leo asubuhi maziwa yaliungua. Mimi niliisikia harufu nikiwa kigodani. Wewe uliisikia ukiwa mwisho wa ua. Bibi alikuwa amekaa mlangoni."

Mkimya alitazama dirisha lenye ukuta.

"Marehemu alikuwa anaondoka kwake gizani kila siku akapange chupa," Inspekta aliendelea. "Chupa zilizopangwa jana zina nini cha kupangwa leo? Alikuwa anatoa kitu. Alikuwa anakagua kila mzizi ambao Bibi ameujaza, anatoa shemeji kabla Bibi hajaamka. Tangu lini?"

 Alipozungumza, mtu yule alizungumza maneno mengi kuliko Inspekta alivyotarajia.

"Tangu mafua ya mwaka jana. Yalimlaza Bibi, tukadhani tutamzika. Akapona, lakini harufu haikurudi. Yeye hakujua. Mdadisi ndiye aliyegundua, alikuta shemeji kwenye kapu. Akakuta tena. Akaniambia, Bibi akijua atakufa. Kazi ndiyo inayomwamsha asubuhi. Tukakubaliana yeye anakagua, mimi nanyamaza. Kunyamaza nakuweza."

"Na siku ile kwa nini hukukagua wewe?"

"Hakuniambia kwamba angechelewa. Nilikuta chupa zimefungwa vizuri, nikadhani ameshapita." Vidole vyake viliyabana magoti. "Nilidhani."

"Alipoinama juu ya sufuria alijua?"

"Tangawizi inafunika. Nadhani alishuku. Mwenye shaka anaonja kipimo chote, ndivyo tulivyofundishwa. Ndugu ukimnywa kifua kinapata joto. Shemeji anakufanya ulimi ufe ganzi."

"Angemwaga tu! Angesema, 'Bibi, ngoja.'"

"Mbele ya mgonjwa, mwanafunzi hana mdomo." Alilisema kama mtoto anayesoma ubaoni. "Hilo nalo tulifundishwa. Ukimkosoa mwalimu mbele ya mgonjwa, mgonjwa hamwamini tena, na dawa haifanyi kazi kwa asiyeamini. Kama angesema na ikawa ni ndugu, angekuwa amemvunjia Bibi heshima bure. Kama angenyamaza, Bibi angekunywa. Kikombe kilikuwa kimeshafika mdomoni. Akachagua."

"Bibi anadhani ni wewe uliyemuua. Unajua?"

"Najua."

"Neno moja tu lingekutoa."

"Lingenitoa mimi," Mkimya alisema, "likamtia nani?"

*

Mkemia alimpa Inspekta vifurushi viwili vya karatasi visivyo na alama, ila nukta ndogo ya kalamu chini ya kimoja. Alasiri hiyo alivibeba hadi kwa Bibi Mizizi. Mkimya alifuata nyuma, akabaki amesimama mlangoni.

"Mbona umemwachia?" Bibi aliuliza, sauti ikipanda.

"Nataka unisaidie jambo moja, Bibi. Hii ni mizizi kutoka maabara. Kifurushi kimoja ni ndugu, kingine ni shemeji. Nionyeshe."

"Kazi ya mtoto hiyo," Bibi alisema, akavuta kifurushi cha kwanza.

Alivunja mzizi kwa kidole gumba kama alivyoeleza asubuhi. Akaupeleka puani. Akafumba macho, uso ukalainika, na alikuwa karibu kusema. Kisha akavunja wa pili, akanusa. Akaurudia wa kwanza, safari hii ukigusa kabisa tundu la pua. Wa pili. Wa kwanza. 

"Vunja mpya," alisema. "Hii imekauka sana."

Inspekta alimvunjia mipya, akahisi mara moja harufu ya karanga ikipanda kutoka kiganja chake cha kulia. Akanyoosha viganja vyote viwili. Bibi aliinama juu yake kama mtu anayekunywa maji mtoni. Alikaa hivyo muda. Alipoinua kichwa, uso wake ulikuwa wa mtu mwingine.

"Nilidhani udongo umechoka," alisema. "Nilimwambia Mdadisi, mizizi ya siku hizi haina nguvu, hainukii kama zamani. Akaniambia, ndiyo, Bibi, ni jua kali." Alizitazama chupa rafuni. "Nilikuwa naikumbuka harufu, mwanangu. Naikumbuka vizuri hata nikadhani nainusa."

 Bibi alimgeukia Mkimya mlangoni.

"Alikuwa anakuja mapema kila siku. Nilimsifu. Niliwaambia watu, oneni bidii ya mtoto huyu. Alikuwa anakuja kufanya nini?"

Mkimya alitazama duara jeupe sakafuni.

"Nimekuuliza."

"Kutoa shemeji, Bibi."

"Nawe ulijua."

"Nilijua."

"Na kile kikombe. Alikitoa mdomoni kwangu."

"Ndiyo, Bibi."

"Na hamkuniambia!" Sauti ilipasuka. "Mwaka mzima mnanizunguka nyumbani kwangu kama mtoto mchanga, hamkuniambia!"

"Tuliogopa kukuvunja," Mkimya alisema, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila uso wake kubadilika hata kidogo.

"Haya," Bibi alisema. "Sasa nani mzima?"

Aliteleza kutoka kwenye kigoda hadi sakafuni, akakaa ameegemea rafu. Chupa ziligongana juu yake. Inspekta alichuchumaa mbele yake, akamweleza alichopaswa kueleza: jalada litapelekwa kwa mwendesha mashtaka, hakuna aliyekusudia, lakini mtu amekufa, na atahitaji kuandikisha maelezo kituoni. Bibi alitikisa kichwa kukubali kila neno.

"Nilikuja kwenu nikasema nitafutieni aliyemuua," alisema mwishoni. "Mmenitafutia. Ahsanteni. Sasa nipeleke kwa mama yake. Asisikie kwa mtu mwingine."

*

Mama yake Mdadisi alikuwa amekaa mkekani, jicho moja limefungwa bandeji ya kliniki. Bibi hakukubali kiti. Aliketi sakafuni mbele yake, akasema yote, tangu mafua hadi kikombe, bila kujipunguzia. Mkimya alipojaribu kuingiza neno la kumtetea, alimnyamazisha kwa mkono.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Alichelewa kwa sababu yangu. Foleni ya kliniki ilikuwa ndefu."

"Usithubutu," Bibi alisema. "Yeye alichelewa siku moja. Mimi nimechelewa mwaka."

"Aliona kikombe ni kibaya, akanywa?"

"Alishuku."

"Angeweza kusema."

"Angeweza."

"Alipokuwa mdogo alikuwa anauliza mpaka nampiga kofi," mama alisema polepole. "Kwa nini jua, kwa nini mbwa, kwa nini baba hayupo. Nilikuletea mtoto mwenye mdomo. Nani alimfundisha kunyamaza?"

"Mimi."

Mama aliinua uso, jicho lake moja likamtazama Bibi muda mrefu. Hakumlaani. Hakumsamehe. Alijilaza kwenye mkeka akageukia ukutani, na baada ya muda wakaelewa kwamba hatageuka tena mpaka watakapoondoka.

*

Bibi aliomba kupitia nyumbani achukue shali kabla ya kwenda kituoni. Walipokata kona walikuta benchi la nje limejaa. Kulikuwa na mzee mwenye mguu uliovimba, mwanamke mjamzito na mama yake, dereva aliyeshika tumbo, na watu wengine waliokuwa wameegemea ukuta kwa kukosa nafasi. Wote waliinuka nusu kumsalimia.

"Pole kwa msiba, Bibi," mzee alisema. "Tulisema leo labda utafungua."

"Sifungui," Bibi alisema. "Nendeni hospitali. Mimi sinusi tena."

Mzee alicheka kwa upole. "Bibi naye! Uchungu huo. Tutangoja mpaka utulie."

"Hata kesho tutakuja," mama wa mjamzito alisema. "Mwanangu huyu ulimtibu akiwa tumboni mwangu."

"Hamnisikii. Pua yangu imekufa. Nilichanganya dawa, mwanafunzi wangu akainywa, akafa. Ni mimi niliyemuua."

Watu walitazamana. Dereva alimgeukia Inspekta na kunong'ona, "Mpeleke ndani apumzike, jamani. Msiba unamsemesha." Mzee akarudi kuketi, akaunyoosha mguu wake mgonjwa taratibu, kama mtu mwenye imani kwamba zamu yake itafika.

Bibi alisimama katikati ya njia, mdomo wazi, akiwatazama. Mkimya ndiye aliyesogea mbele. Inspekta alidhani anakwenda kumshika mkono. Badala yake alisimama kando yake, mbele ya wagonjwa wote, akasema kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara:

"Mwalimu wangu amekosea. Anayosema ni kweli. Inukeni, mwende hospitali."

Hakuna aliyewahi kumsikia Mkimya akipaza sauti. Mjamzito aliinuka kwanza, akamvuta mama yake mkono. Dereva akafuata. Mmoja mmoja wakaondoka, wengine wakigeuka nyuma kumtazama Bibi kana kwamba yeye ndiye anayesafiri. Mzee alibaki mpaka mwisho, akishindwa kuinuka, na Mkimya akaenda kumwinua, akampachika mkono begani na kuanza kumsindikiza kuelekea hospitali, hatua kwa hatua.

Bibi aliwatazama mpaka wakapotea.

"Angesema hivyo yule wa kwangu siku ile," alimwambia Inspekta, "ningemfukuza."

Akasahau shali. Akatangulia yeye kuelekea kituoni.